Mama wa Foni na Tablo ya Barabara

Ukimpigia simu Mama wa Foni, alikuacha useme mpaka umalize, kisha akanyamaza. Alikuwa anangoja aone kama bado una neno. Wewe ukadhani rezo, mtandao wa simu, imekatika, ukaanza kupiga kelele, alo, alo, naye akanyamaza tena, maana kwake mtu anayesema haingiliwi. Watu wengi wa mji wetu wa Kasongo walikata simu kabla hawajasikia sauti yake, wakaenda kutangaza kwamba bibi yule siku hizi anajivuna. Mimi nilizoea. Nilisema nililo nalo, kisha nikamalizia na neno la zamani la watu wa redio, "avu", yaani nimekwisha, zamu yako. Hapo alijibu mara moja, polepole, kama mtu anayemsomea mwingine aandike.

Foni ilikuwa redio ya kusemea na watu wa mbali, wakati ambapo simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu. Betri ya gari, waya uliofungwa juu ya miti miwili, na kipaza sauti chenye kifungo pembeni. Ukitaka kusema na ndugu yako wa Kabambare ulikwenda kwenye nyumba yenye foni, ndugu yako naye akaitwa kwenye foni ya kwao, na nyote mkangoja mpaka mmesikiana. Foni ya mtaa wetu ilikuwa kwake. Jina lake analo na ukoo wake unajulikana. Kasongo hakuna asiyejua babu wa jirani yake alifika na msafara wa nani, na wakianza kukusimulia hamwachani leo. Mimi nitamwita kama tulivyomwita wote.

Mara ya kwanza nilifika kwake nikiwa nimeshikwa mkono na mama. Baba alikuwa Salamabila akichimba dhahabu, kama baba za watoto wengi wa mtaa. Nikapewa kipaza sauti, nikabonyeza kifungo, nikakishikilia kwa nguvu zangu zote na kuanza kulia. Kwenye foni ukiwa umebonyeza husikii kitu. Anayesikia ni wa upande wa pili. Baba wa watu alikuwa anapokea kilio tu, na hana pa kupenyeza neno.

"Achia ile kifungo, mwanangu," Mama wa Foni akaniambia. "Baba yako hawezi kuingia kama weye haujatoka."

Nikaachia, na baba akaingia. Sijawahi kufundishwa adabu ya mazungumzo kwa maneno machache kuliko hayo.

Nisimpambe lakini. Alikuwa mkali. Alikaa wima kwenye kiti chake, kikwembe, kitenge chake, kimefungwa barabara, na mtu aliyeleta porojo mbele ya kipaza sauti alikatwa bila huruma. Watu wakitaka kusema "tunakusalimu sana, na shangazi anakusalimu, na watoto wote wanakusalimu," aliwaambia salamu moja inatosha, betri inakufa. Chai yake ya tangawizi ilikuwa kali kama yeye, na alikumiminia bila kukuuliza. Ukiiacha ikapoa, alikitazama kikombe, halafu akakutazama wewe, mpaka unakunywa.

Na hakukubali kulainisha ujumbe wa mtu. Bwana mmoja alikuwa na mke Kabambare, naye ameonja starehe za Kasongo na hana mpango wa kurudi upesi. Akamwomba Mama wa Foni aseme yeye mwenyewe kwamba bwana anaumwa, kwa kuwa mke atamwamini mwanamke mwenzake. Baraza imejaa watu. Mama wa Foni akachukua kipaza sauti, akabonyeza, akasema: "Bwana yako iko hapa. Anasema niseme kama anaumwa. Avu." Baraza nzima ilicheka mpaka wengine wakatoka nje. Bwana yule alikwenda Kabambare wiki hiyo hiyo.

Alijua mambo ya mji wote. Nani ameacha mke machimboni, nani anatafutwa na wakwe zake, nani amezaa na nani. Yote yalipita mbele yake kwa sauti, hewani, kila mwenye foni kutoka hapa mpaka Kalemie akisikia, na bado hakuna aliyewahi kusikia neno likitoka kinywani mwake baada ya redio kuzimwa. Siku moja nilimuuliza anawezaje. Akasema yale maneno si yake, yeye anayapitisha tu. Nikamuuliza yake mwenyewe je, anayapitisha wapi? Akaenda kuangalia chai.

Yake mwenyewe yalikuwa kwa binti yake.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti aliyenizidi umri kidogo. Namkumbuka kama msichana aliyekaa mlangoni kati ya baraza na chumba, kila mara na kitu cha kumwonyesha mama yake: daftari lenye alama nzuri, nywele alizosukwa upya, goti lililochubuka. Na kila mara mama yake aliinua kidole bila kugeuka. "Nyamaza, kuko watu hewani." Binti alinyamaza. Watu hewani hawakuisha: asubuhi kulikuwa na watu wa Lusangi, mchana wa Kabambare, jioni wa Salamabila, na kati yao baraza ikawa na wanaosubiri, wanaolia, wanaocheka. Sisi watoto wengine tulimwonea wivu kwa kukaa nyumba yenye redio. Nadhani hatukumtazama vizuri.

Akakua, akaolewa na mfanyabiashara wa Salamabila, akaenda. Ana duka huko la vitu vya wachimbaji, matochi na viatu vya mpira, na ana watoto ambao bibi yao aliwajua kwa picha. Hakuna ugomvi wowote niliowahi kuusikia. Alipiga simu, alimtumia mchele kwa mkono wa watu wa pikipiki, aliuliza hali. Idi ikikaribia mama yake alimwambia aje na watoto, na binti akajibu kila mwaka: "Barabara mbaya, mama. Mwaka kesho, inshallah."

Na barabara ilikuwa mbaya kweli, hilo nani atabisha. Kutoka kwetu kwenda Kabambare mpaka Salamabila, mvua ikinyesha, pikipiki inazama mpaka kwenye injini, na madaraja ni magogo ambayo mto unayachukua unapotaka. Mama wa Foni mwenyewe, na miguu yake iliyoanza kuvimba, hakuweza kuifanya safari ile. Kwa hiyo alingoja.

Simu zilipofika, foni ilikufa polepole. Watu wa kwanza kupotea walikuwa wenye haraka, kisha wenye siri, kisha kila mtu. Aliendelea kuiwasha saa zake za kila siku na kuita: Kabambare, Kabambare, munanisikia? Kwa muda mwenzake wa Kabambare alimjibu, wakasalimiana wawili tu, wakapeana habari za mvua. Baadaye Kabambare nayo ikanyamaza. Viti vya barazani akavipanga ukutani vikiwa bado safi. Nilipita siku moja nikamkuta amekaa vilevile, wima, mbele ya mashine iliyozimwa, na chai imeiva kwenye birika kubwa la watu wengi. Roho iliniuma, nasema wazi. Mtu aliyewahi kuzungukwa na watu kiasi kile hajui kukaa peke yake.

Wakati huo nilikuwa nimeshafungua sekretaria yangu, kibanda cha kuchapa na kunakili, karibu na soko: kompyuta, mashine ya fotokopi, pano ya kunasa umeme wa jua juu ya bati. Akaanza kuja. Mara ya kwanza alitaka fotokopi ya kadi yake ya uchaguzi. Nikamtolea. Baada ya siku chache akarudi na kadi ile ile. Nikatoa tena. Akarudi tena. Nilianza kuuliza zile fotokopi anazipeleka wapi, nikajiuma ulimi kwa wakati. Nikanunua kiti kingine, nikakiweka karibu na mlango, na fotokopi zikaacha kuhitajika.

Hapo kwenye kiti ndipo lilipozaliwa wazo la tablo. Binti alikuwa amepiga simu kabla ya Idi, na amesema lile la kila mwaka. Mama wa Foni akafunga simu, akaitazama kompyuta yangu kama anayeitafutia kazi.

"Kama ni barabara njo inamuzuia," akasema, na njo kwetu ni ndiyo, "basi tutaiangalia ile barabara."

Alichotaka kilikuwa hiki. Chama cha waendesha pikipiki kilikuwa na tovuti, ambayo mwanafunzi mmoja aliwatengenezea kabla hajaenda zake masomoni. Ndani yake kulikuwa na picha ya pikipiki na neno Karibuni, basi. Yeye alitaka humo ndani ionekane tablo, yaani jedwali lenye mistari na safu: mahali, hali ya barabara, daraja, siku ya habari, na jina la aliyepita. Aliye Salamabila aifungue kwenye simu yake, aone leo njia ikoje, apange safari. "Aliye Salamabila," alisema. Sikuuliza ni nani.

Mimi si fundi wa kompyuta. Najua kuchapa, najua kuifokea mashine karatasi ikinasa. Programu za tovuti zile zenye alama za ajabu sizijui hata harufu yake. Nikaanza na nilichojua: nikachapa majina, nikayasogeza kwa kubonyeza nafasi, nafasi, nafasi, mpaka kila kitu kikakaa chini ya mwenzake. Kwenye kompyuta ilipendeza. Mama wa Foni akaifungua kwenye simu yake, akavaa miwani, akavua miwani.

"Umehamisha mito," akasema.

Kweli. Kwenye kioo kidogo maneno yalikuwa yamevunjika vunjika, Kabambare imeshuka chini ya Lusangi na daraja la mto mmoja limeangukia mto mwingine. Mtu angeisoma angefika porini. Tukajaribu njia ya pili: tukachora tablo kwenye karatasi kwa rula, tukaipiga picha, tukaiweka. Ikawa nzito, ikala mega za simu za watu, maandishi madogo kama chawa, na kila habari ikibadilika ni lazima tuchore upya. Mama wa Foni alichora upya mara nyingi bila kulalamika. Aliyelalamika ni mimi.

Mwisho nikasoma maelezo ya Kifaransa ya ile tovuti, usiku na mchana, mpaka nikaona kwamba kuna kiongezo kidogo kilichotengenezwa kwa ajili ya wajinga kama mimi. Unajaza vyumba vyako kama kwenye tablo ya kawaida ya kompyuta, unahifadhi, na kiongezo kinakupa maneno mafupi ndani ya mabano ya mraba. Hayo unayabandika pale kwenye ukurasa unapotaka tablo ikae. Basi. Hakuna kingine cha kuandika.

Hakuamini. "Tablo iko wapi?"

"Iko humu, mama."

"Humu kuko mabano tu."

Nikabonyeza kuchapisha, nikampa simu. Ukurasa ukafunguka, na pale palipokuwa na mabano ikatokea tablo, mistari imenyooka, inateleza kulia na kushoto kwa kidole. Juu yake kulikuwa na kisanduku cha kutafutia: ukiandika jina la mahali, mistari mingine yote inaondoka. Yeye akaandika Salamabila kwa kidole kimoja. Tablo nzima ikaondoka, ukabaki mstari mmoja. Akautazama muda mrefu.

"Tumeingia," akasema. Ndivyo watu wa foni walivyosema sauti ya mbali ilipowafikia.

Sasa nieleze kosa letu, maana ni kosa ambalo sidhani watu wa kwingine wangelifanya. Waendesha pikipiki wakawa wanajaza wenyewe kwa simu zao. Tuliwaandikia swali: Habari ya barabara? Majibu yakaingia kwa wingi, nasi tukafurahi. Lusangi, muzuri. Kabambare, muzuri. Salamabila, muzuri, Mungu asifiwe. Tablo ikajaa uzuri kutoka juu mpaka chini. Mfanyabiashara mmoja wa vitunguu akaisoma, akapakia mizigo yake, akaondoka. Alirudi ana matope mpaka kwenye nyusi na vitunguu vimeoza, akaenda moja kwa moja kwenye baraza ya Mama wa Foni kumtolea sauti.

Mama wa Foni akampa kiti, akampa chai, akamwacha afoke mpaka amalize. Kisha akampigia mwendesha pikipiki ambaye jina lake lilikuwa kwenye mstari. Sauti ilikuwa nje, kama kawaida yake. Mtu wa foni hajui simu ya kubana sikioni.

"Habari ya barabara?"

"Muzuri tu, mama."

"Na daraja?"

"Daraja, mama, maji ilibeba."

"Ulivuka je?"

"Tulifungua pikipiki, tukaipitisha kipande kipande ku mutumbwi."

"Sasa muzuri iko fasi gani, iko wapi?"

"Lakini mama," kijana akasema kwa unyonge, "uliniuliza habari."

Nani kati yetu angejibu vingine? Ukiulizwa habari, unasema nzuri, hata kama umetoka kuzika. Ubaya unafuata baadaye, mkishakaa, baada ya lakini. Na tablo haina pa kuweka lakini. Kwenye foni Mama wa Foni alijua kungoja ile lakini. Kwenye vyumba vya kompyuta watu waliacha salamu yao wakaenda.

Akalifuta lile swali. Mahali pake akaniandikisha jingine, nami nikacheka nilipokuwa nalichapa: Pikipiki ilikubeba, ao weye uliibeba? Na chini yake: Ulivuka na nini? Hapo tablo ikaanza kusema kweli. Waendesha pikipiki walipenda swali lile, wakajibu kwa fahari. IliniBEBA, aliandika mmoja kwa herufi kubwa zilizokosea njia. Niliibeba, ikanibeba, nikaibeba tena, aliandika mwingine. Mfanyabiashara wa vitunguu aliishia kukaa pale barazani mpaka alasiri, na alipoondoka Mama wa Foni alikuwa na uso mwepesi ambao sikuwa nimeuona siku nyingi.

"Amekutukana vile, unafurahi?" nikamuuliza.

"Alikaa," akasema.

Hilo ndilo lililoniuma katika kazi yote ile. Tablo ilifanikiwa. Waganga wa kituo cha afya waliifungua kabla ya kusafirisha mgonjwa, wenye maduka waliifungua, hata wasiojua kusoma waliomba wasomewe mstari wao. Chama kikamsifu. Na kadiri ilivyokuwa nzuri, ndivyo watu walivyokosa sababu ya kufika kwake. Zamani anayesafiri alikuja kuuliza, akakaribishwa, akanywa chai, akaacha habari za kwao. Sasa alitazama kioo sokoni, akaenda zake. Mimi nilidhani ninamrudishia baraza yake, kumbe nilikuwa nawapitishia watu njia ya nyuma. Nilimwambia hivyo. Akasema watu wanafika salama, sasa ninalia nini? Lakini kiti changu cha mlangoni alikikalia mpaka ninafunga.

Binti aliifungua tablo. Hilo nalijua kwa kuwa alipiga simu kuisifu. "Mama, hapa Salamabila wote wanaangalia tablo yako. Kila Ijumaa nami ninaifungua." Mama wa Foni alitembea na maneno hayo sokoni kama mtu mwenye nguo mpya. Kiangazi kikafika, vumbi likarudi, magogo mapya yakawekwa kwenye madaraja, na mstari wa Salamabila ukaandikwa kwamba pikipiki inabeba mtu. Mwezi wa mfungo ulikuwa umepita zamani, na Idi ya kuchinja ilikuwa mbele. Mama wa Foni akapiga simu.

"Tablo inasema inapitika," akasema. "Avu."

Kisha binti akasema kwamba mizigo ya duka imefika, na mtoto mmoja ana homa kidogo, na hata hiyo barabara, mama, mutu hawezi kuiamini. Mama wa Foni alisikiliza mpaka mwisho. Hakubishana. Baadaye, tukiwa wawili, aliniambia jambo moja tu, akiwa anatazama nje kwenye jua: "Nilimunyamazisha sana yule mutoto." Idi ikapita. Nilimpelekea nyama, nikala naye.

Mwaka uliofuata mke wangu alipata kazi ya ualimu Kindu, nami nikafunga sekretaria kumfuata. Nikaenda kumuaga Mama wa Foni. Miguu yake ilikuwa imevimba vibaya, hakuwa akifika sokoni tena, kwa hiyo nilikwenda na kazi nyingine: kumwekea tablo kwenye simu yake ili aibadilishe mwenyewe nikiwa mbali. Ilikuwa alasiri, na Idi ya kuchinja ilikuwa karibu tena. Viti vilikuwa pale pale ukutani. Nilivuta kimoja, nikaketi karibu naye, nikamfundisha pa kubonyeza.

Alielewa upesi. Mvua zilikuwa zimekwisha kitambo, ardhi ngumu, na waendesha pikipiki walikuwa wametuma habari zao asubuhi ile. Akazipitisha moja moja kwa kidole, Lusangi, Kabambare, akinisomea kila neno. Alipofika kwenye mstari wa mwisho akaandika taratibu: Pikipiki inabeba mutu mpaka Salamabila. Madaraja yote iko. Akahifadhi, akaufungua ukurasa kuhakikisha, akauona. Mimi niliuona pia. Nilimwambia sasa hanihitaji, na nikajuta papo hapo, kwa namna alivyoniangalia.

Simu ikalia mkononi mwake. Alikuwa binti yake.

Sauti ilikuwa nje, baraza yote ikasikia, yaani mimi na viti. Binti akasalimia vizuri, akauliza miguu, akauliza dawa, akaeleza habari za watoto na za duka. Mama yake akamwacha aseme. Kisha binti akasema, "Sasa mama, juu ya Idi..." akanyamaza.

Mama wa Foni akangoja. Najua alivyongoja, nimemwona akingoja maisha yangu yote. Alimpa binti yake nafasi ndefu, ndefu kuliko aliyowahi kumpa mtu yeyote hewani, na upande wa pili tukasikia pumzi tu na pikipiki zikipita mbele ya duka. Neno halikuja. Nilimwona Mama wa Foni akiweka kiganja juu ya goti lake, akakaa wima.

"Mwanangu, hapana jisumbua," akasema. "Barabara imeharibika. Daraja, maji imebeba. Kaa na watoto."

Niligeuka kumtazama. Nje jua lilikuwa linawaka, na vumbi la barabara limetanda mpaka barazani.

"Njo vile, mama," akasema binti, na sauti yake ilikuwa imelegea kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Niliona hata ku tablo."

"Eh," akasema mama yake. "Basi uliona."

Wakaagana. Akamtaka awabusu watoto. Simu ilipokatika aliiweka juu ya kikwembe, kioo kikiwa bado kinaonyesha ule mstari. Nilinyoosha mkono kwenye simu.

"Mama, niubadilishe ule wa Salamabila? Niandike haipitiki?"

Akaufunika kwa mkono.

"Acha vile iko," akasema. "Kuko watu wanasafiri."